A-10, ngiri wa angani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwezo na gharama zake

Ndege inayozungumziwa hapa ni A-10 Thunderbolt II ya Marekani, ile yenye mabawa yaliyonyooka, injini mbili zilizobandikwa mgongoni na mzinga uliotokeza puani. Wengi huanza kwa kuuliza habari za mzinga. Nitawajibu, ila nasema mapema kwamba mzinga ndio ulioipa umaarufu, si ulioipa thamani. Thamani yake imo katika muda inaoweza kukaa juu ya vichwa vya askari, na muda huo una bei.

Hii ni ndege ya kazi gani hasa?

Ni ya kuwasaidia askari wa ardhini walioshikana na adui, pengine umbali wa mita mia chache tu. Kupiga daraja au ghala ni kazi nyingine kabisa: daraja halihami, na kando yake hakuna rafiki. Hapa rafiki na adui wamo kwenye bonde moja, wote wamelala chini, wote wamefunikwa na vumbi. Rubani akikosea kwa upana wa barabara, anawazika wenzake. Kwa hiyo ndege ya kazi hii inatakiwa iruke polepole kiasi cha kuona, ikae juu muda mrefu, na ikipigwa isianguke mara moja. Mbio ni jambo la mwisho kuulizwa.

Ilizaliwaje?

Vietnam. Huko ndege za jeti zilikuwa zikipita kasi mno, na zikaishiwa mafuta kabla rubani hajaelewa nani ni nani. Iliyosifiwa na askari wa miguu ilikuwa Skyraider, ndege ya propela iliyobuniwa miaka ya 1940, kwa sababu ilikuwa inakaa.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni wivu. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa limeanza kujitengenezea helikopta kubwa ya mashambulizi, Cheyenne. Jeshi la Anga likaona kazi, pamoja na bajeti yake, vinaponyoka. Likaamua kununua ndege maalumu. Mfano wa kwanza wa A-10 uliruka tarehe 10 Mei 1972, ukashindanishwa na YA-9 ya kampuni ya Northrop, na Januari 1973 Fairchild Republic, kampuni iliyobuni A-10, ikatangazwa mshindi. Vikosi vilianza kuzipokea mwaka 1976. Zilitengenezwa zaidi ya 700, na kiwanda kikafunga kazi hiyo mwaka 1984. Yaani ndege changa kuliko zote katika kundi hili ina miaka zaidi ya 40.

Mbona inaitwa ngiri?

Itazame usoni. Jina rasmi, Thunderbolt, lilirithiwa kutoka P-47 ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini marubani wenyewe walimwona mnyama mfupi, mwenye sura mbaya, anayekwenda kichwa chini, na jina la ngiri likaganda.

Haya, mzinga. Una nini cha ajabu?

Ndege hii ilijengwa kuuzunguka mzinga, si mzinga kutiwa ndani ya ndege. Unaitwa GAU-8 Avenger. Una mitutu saba inayozunguka, risasi zake ni za milimita 30, na hufyatua risasi 3,900 kwa dakika. Mzinga mtupu una uzito wa kilo 281 hivi, lakini ukiongeza pipa la risasi, mitambo ya kuzilisha na risasi zenyewe, jumla inapita kilo 1,800, sawa na gari dogo lililojaa abiria.

Risasi zinazobebwa ni 1,174 zikijaa. Piga hesabu: 3,900 kwa dakika ni 65 kwa sekunde. Rubani akishikilia kitufe bila kukiachia, pipa lote linaisha kwa sekunde 18. Ndiyo maana hafyatui hivyo. Hupiga sekunde moja, mbili, anaachia, anainuka, anazunguka na kurudi tena.

Mtutu unaofyatua lazima uwe katikati kabisa ya ndege, la sivyo pua ingevutwa upande kila mzinga unapolia. Kwa hiyo mzinga wenyewe umesogezwa kidogo kushoto, na gurudumu la mbele likasukumwa kulia kupisha nafasi. Ukiiona A-10 imeegeshwa ikikutazama, utadhani fundi alikosea vipimo. Hakukosea. Na maganda ya risasi hayatupwi nje, hurudishwa ndani ya pipa, kwa sababu ganda likiingia kwenye injini kwa kasi ile, hakuna tena injini.

Ni kweli mzinga ukilia ndege husimama angani?

Hapana. Hadithi hii ina chembe ya ukweli: nguvu ya mzinga kurudisha nyuma ni kubwa kidogo kuliko msukumo wa injini moja ya ndege hiyo. Lakini injini ni mbili, ndege ina uzito wa tani nyingi na inakwenda kwa kasi, na mlio ni wa sekunde moja au mbili. Kasi hupungua kidogo tu.

Tatizo la kweli lilikuwa moshi. Katika majaribio ya mwanzo, gesi ya baruti ilivutwa na injini nazo zikazimika. Dawa iliyopatikana ni rahisi: rubani akifyatua mzinga, viwashio vya injini navyo vinawaka vyenyewe, ili moto ukitaka kuzimika uwashwe papo hapo.

Zaidi ya mzinga inabeba nini?

Ina sehemu 11 za kutundikia silaha na hubeba hadi kilo 7,260 hivi: mabomu ya kawaida, mabomu ya kuongozwa kwa leza au kwa satelaiti, roketi, kombora la Maverick la kupigia vifaru, na makombora mawili ya Sidewinder ya kujitetea dhidi ya ndege nyingine.

Hapa ndipo wapenzi wa mzinga huvunjika moyo kidogo. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, ambavyo ndivyo vilivyoitia A-10 kwenye vitabu, Jeshi la Anga linasema ndege hizi ziliangamiza vifaru zaidi ya 900 vya Iraki, magari mengine ya kijeshi 2,000 na mizinga 1,200. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Maverick. A-10 ndizo zilizorusha takriban asilimia 90 ya makombora hayo katika vita vile. Toleo la sasa, A-10C, lililoanza kazi mwaka 2007, limeongezewa kamera ya kuonea usiku na mchana, skrini mpya, na mawasiliano ya data yanayomwonyesha rubani mahali walipo askari wake. Kwa maoni yangu maboresho hayo yameokoa watu wengi kuliko mitutu saba.

Inakwenda kasi gani?

Takriban kilomita 700 kwa saa ikikazana, na hiyo ni bila mizigo mingi. Ndege ya abiria inayotoka Dar es Salaam kwenda Dubai inaipita.

Lakini pima kitu kingine. A-10 inaweza kwenda kilomita 460 kutoka kambini, ikazunguka juu ya mapigano karibu saa mbili, kisha ikarudi kwa mafuta yake yenyewe. Mabawa yaliyonyooka yanairuhusu kukata kona fupi kwenye bonde jembamba, chini ya mawingu, mahali ambapo ndege ya kasi ingehitaji kwenda mbali ndipo igeuke.

Wanasema hata ikipigwa inarudi. Vipi?

Rubani amekalia kitu kama beseni la titani lenye uzito wa kilo 540 hivi, unene wake kati ya milimita 13 na 38 kutegemea upande. Matangi ya mafuta yana sponji ndani, na hujiziba yakitobolewa. Injini ziko juu na mbali moja na nyingine, ili moto wa moja usiifikie ya pili. Mikia ni miwili. Magurudumu yakikunjwa bado hutokeza nusu nje, kwa hiyo ndege ikilazimika kutua kwa tumbo, inaburuzika juu ya matairi.

Kinachonivutia zaidi ni usukani. Ina mifumo miwili ya haidroliki, yaani ya kusukuma kwa nguvu ya mafuta ndani ya mabomba, na yote miwili ikifa zinabaki nyaya na kapi, kama za baiskeli kubwa. Tarehe 7 Aprili 2003, Kapteni Kim Campbell alipigwa juu ya Baghdad na haidroliki yote ikaondoka. Akahamia kwenye nyaya. Alipambana na usukani mzito kwa karibu saa nzima, akaitua ndege ikiwa na matundu mamia mkiani na ubavuni. Angeweza kuruka kwa parachuti, lakini chini yake ulikuwa mji ambao dakika chache kabla alikuwa akiupiga.

Hata hivyo tusizidishe. Mwaka 1991 A-10 nne zilitunguliwa, na nyingine zilirudi zimeharibika kiasi cha kutofaa kutengenezwa. Hizo zilikuwa zikikabili makombora ya wakati ule.

A-10 moja iligharimu shilingi ngapi?

Jeshi la Anga lilipotangaza mashindano mwaka 1970 liliweka sharti la bei: dola milioni 1.4 kwa ndege moja, kwa thamani ya pesa ya wakati huo. Lilikuwa sharti la ajabu, kwa sababu mara nyingi bei huja baadaye kama bili ya fundi. Sharti halikutimia kamili, lakini lilisaidia ndege ibaki rahisi. Sehemu nyingi za kushoto hufaa kulia, zikiwemo injini, magurudumu makubwa na mikia, hivyo ghala la vipuri huwa dogo.

Leo huwezi kununua mpya kwa bei yoyote, maana mitambo ya kuitengenezea haipo. Gharama iliyobaki ni ya kuifufua. Mwaka 2007 Boeing ilipewa mkataba wa karibu dola bilioni 2 wa kutengeneza mabawa mapya hadi jozi 242. Ukigawanya, ni zaidi ya dola milioni 8 kwa ndege moja, mabawa tu. Zilitoka jozi 173, kisha mwaka 2019 ukaja mkataba mwingine wa hadi dola milioni 999 kwa jozi nyingine 112. Mwenye gari kuukuu anaijua hesabu hii: kila mwaka unaapa kuliuza, na kila mwaka unalinunulia kitu kipya kwanza.

Na gharama ya kuirusha kwa saa?

Takwimu za Pentagon zilizosambaa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziliiweka A-10 chini kidogo ya dola 20,000 kwa saa. F-16, ndege ya kivita ya kasi, ilikuwa juu kidogo ya 22,000, na B-1, ndege kubwa ya kudondosha mabomu iliyotumiwa sana Afghanistan kwa kazi hii hii, ilipita 50,000. F-35A, ndege mpya ya kivita, kwa miaka kadhaa ilikuwa juu ya dola 40,000, ingawa lengo lilikuwa kuishusha hadi 25,000.

Tahadhari na takwimu hizi. Kuna wanaohesabu mafuta, vipuri na mafundi tu. Kuna wanaoongeza mishahara, kambi na maboresho. Ndege ile ile inaweza kutajwa kwa dola 11,000 asubuhi na 20,000 jioni, na wote wawili wasiwe waongo. Kabla ya kubishana, uliza kwanza kilichomo ndani ya hesabu.

Pia kuna gharama isiyoonekana kwenye saa. Ukipunguza A-10 kumi, huokoi pesa nyingi, kwa sababu shule ya marubani iko pale pale, na ghala la vipuri na mafundi waliosomea ndege hiyo bado wanalipwa. Pesa kubwa hupatikana ukifuta aina nzima ya ndege. Hiyo ndiyo hoja ya Jeshi la Anga: mwaka 2014 lilikadiria kwamba kuziondoa zote kungeokoa dola bilioni 4.2 kwa miaka mitano, pamoja na mafundi wa kuhamishiwa F-35. Waliotaka zibaki wakauliza swali zuri: pesa hizo zikiokolewa, ni nani atakayekuja askari akiita, na kwa bei gani kwa saa? GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ilisema wazi kwamba Jeshi la Anga halikuwa limepima vya kutosha pengo litakaloachwa.

Basi kwa nini Bunge liligoma kuziondoa miaka yote hiyo?

Kwa sababu tatu zilizochanganyika kama pilau. Ya kwanza ni ya dhati: askari wa miguu waliorudi Iraki na Afghanistan walikuwa wakisimulia mlio wa mzinga ule kama mtu anavyosimulia mvua baada ya kiangazi. Ya pili ni kambi, kwani kambi ikifungwa Arizona au Idaho, wapiga kura wanapoteza kazi. Ya tatu ni watu. Seneta John McCain wa Arizona alikuwa rubani wa kivita, na Martha McSally, aliyeingia Bungeni kutoka jimbo hilo hilo, aliwahi kuamuru kikosi cha A-10. Huwezi kumweleza mtu kama huyo kwamba ndege yake haina kazi.

Jeshi la Anga nalo halikuwa bila hoja. Viongozi wake walikuwa wakieleza kwamba Afghanistan sehemu kubwa ya misaada hii ilitolewa na ndege nyingine, F-16, F-15E, B-1 na zisizo na rubani, kwa mabomu ya kuongozwa kutoka juu. Ni kweli. Na dhidi ya nchi yenye makombora ya kisasa ya kutungulia ndege, ngiri ambaye mwendo wake wa kawaida ni kilomita 560 kwa saa hana pa kujificha.

F-35 inaweza kuchukua nafasi yake?

Inaweza kufika mahali ambapo A-10 haiwezi kabisa. Mzinga wake ni wa milimita 25 na risasi zake hazifiki 200, yaani sekunde chache na kwaheri. Bunge lililazimisha ndege hizi mbili zishindanishwe, majaribio yakafanyika 2018 na 2019, lakini ripoti ilikamilika mwaka 2022 na umma haukuiona hadi ilipodaiwa kwa sheria ya haki ya kupata habari. Ucheleweshaji huo wenyewe unanifanya niamini kwamba matokeo hayakuwa ya kutangazwa kwa tarumbeta.

Imewahi kuua wenzake?

Ndiyo, na mtu anayeisifu bila kusema haya anadanganya. Tarehe 26 Februari 1991 A-10 zilipiga magari mawili ya deraya ya Uingereza na kuua askari tisa. Machi 2003, karibu na Basra, A-10 zilishambulia tena msafara wa Waingereza, akafa askari mmoja, ingawa magari yalikuwa na alama za rangi ya chungwa juu. Rubani aliziona na akadhani ni roketi.

Lakini usikimbilie kusema ndege ya juu na ya kisasa ingekuwa salama zaidi. Tarehe 9 Juni 2014, katika mkoa wa Zabul, Afghanistan, B-1 iliwaua Wamarekani watano na Mwafghani mmoja. Askari wale walikuwa wamevaa taa za kumulika zisizoonekana kwa macho. Kamera ya B-1 haikuwa na uwezo wa kuona mwanga wa aina hiyo, na waliokuwemo hawakulijua hilo. Ndege iliruka kwa saa nyingi, ilibeba mabomu mengi, lakini haikuona.

Risasi zake zina sumu?

Zile za kutoboa vifaru zina kiini cha urani hafifu, chuma kizito mno kilichobaki baada ya urani yenye nguvu kuondolewa. Mionzi yake ni midogo, lakini ni metali yenye sumu, na vumbi lake likivutwa au kumezwa hudhuru, hasa figo. Kiwango cha madhara kwa raia wa Iraki kimebishaniwa kwa miaka mingi. Zipo pia risasi za kulipuka zisizo na urani, nazo ndizo zilizotumiwa zaidi Afghanistan, ambako vifaru havikuwepo.

Ndege zilizoonekana juu ya Goma ni A-10?

Hapana. A-10 haijawahi kuuzwa kwa nchi yoyote. Wakazi wa Goma na Rubavu wanaijua jamaa yake wa Kirusi, Sukhoi Su-25, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1975 na ambayo Kongo ilianza kuinunua kutoka Georgia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ina mbio zaidi, inafika kilomita 950 kwa saa, lakini hubeba kilo 4,400 tu na risasi 250, na haikai juu muda mrefu kama ngiri. Nayo ina deraya ya titani. Tarehe 24 Januari 2023 moja ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda, ikatua Goma huku inaungua na moto ukazimwa. Kigali ilisema anga yake imeingiliwa, Kinshasa ikasema ndege ilikuwa kwake. Ubishi huo ni mrefu kuliko ukurasa huu.

Je, Kenya au Tanzania?

Hakuna. Kenya ilipoingia Somalia mwaka 2011 ilitumia F-5, ndege ya kivita ya kawaida, na helikopta. Januari 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia ndege 12 za propela aina ya AT-802L, ambazo asili yake ni ndege za kunyunyizia mashamba dawa, kwa bei iliyokadiriwa kufika dola milioni 418. Bei ilizua kelele Washington na Nairobi, na mpango ukafifia. Nigeria ilichukua njia nyingine, ikapokea Super Tucano 12 mwaka 2021. Kwa nchi zinazopigana na watu wenye bunduki na pikipiki, ndege za propela ndizo hesabu inayoingia akilini. Si haba, Skyraider nayo ilikuwa ya propela.

Sasa hivi A-10 ziko wapi?

Zinapungua. Katika bajeti ya 2023 Bunge lilianza kulegeza kamba, na katikati ya 2025 Jeshi la Anga likaomba kuziondoa zote 162 zilizobaki ndani ya mwaka mmoja wa bajeti, nao wabunge wakaanza tena kuvuta breki. Wakati huo huo zilikuwa zimepelekwa Mashariki ya Kati na kupewa roketi ndogo za kuongozwa kwa leza za kutungulia droni, kazi ambayo mwaka 1972 hakuna aliyeiota. Droni nazo huenda polepole, na ngiri ni mojawapo ya ndege chache zinazoweza kwenda nazo sambamba bila kuzipita.

Zinazostaafu hupelekwa Davis-Monthan, Arizona, kwenye uwanja mkubwa wa jangwani ambako ndege kuukuu huegeshwa na kunyofolewa vipuri. Kambi hiyo hiyo ndiyo iliyopokea A-10 za kwanza Machi 1976.